Inzi Weupe wa Muhogo na Wageni Waishio Tumboni Mwao

Ukipita katika shamba la mihogo asubuhi na kulitikisa jani changa la kileleni, utaona kitu kama vumbi la unga kikiruka, kisha kikirudi kutua chini ya jani lile lile. Unga huo ni wadudu, nasi twawaita inzi weupe. Mwalimu wetu wa Bayolojia alinitaka niandike habari zao katika gazeti letu la muhula huu, kwa sababu nimewafuga tangu mwezi wa Februari, na asema amechoka kuniona nikizunguka na makopo ya mihogo kati ya bweni na maabara. Nitaeleza jinsi wazaavyo, jinsi waishivyo na vijidudu vilivyomo miilini mwao, na kazi ya jeni katika mambo hayo mawili. Lakini kwanza nieleze kilichonifanya nianze.

Kwetu ni wilayani Muheza, chini ya milima ya Usambara. Mama yangu hulima muhogo, ekari moja na kidogo, na muhogo huo ndio uninunuliao sabuni, madaftari na nauli ya kurudia shule. Likizo ya Desemba nilifuatana naye shambani. Aling'oa shina moja ambalo majani yake yalikuwa yamejikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Hiyo ndiyo batobato. Aling'oa jingine ambalo kwa juu lilionekana zima kabisa, akaukata muhogo wake kwa panga, na ndani mlikuwa na madoa ya kahawia, makavu na magumu, yaliyosambaa kutoka ncha hii mpaka ile. Hiyo ni michirizi kahawia. Muhogo wa namna hiyo hauliki wala hauuziki, na ubaya wake ni kwamba hukuonya mapema. Baba alikuwa amekwisha kupuliza dawa mara mbili, dawa aliyouziwa na mchuuzi mmoja gulioni aliyemwambia kwamba huponya batobato.

Mama aliniuliza, "Mwanangu, wewe sasa waingia Kidato cha Nne. Wadudu hawa baba yako amewaua mara mbili. Mbona mara ya tatu wamekuwa wengi kuliko mara ya kwanza?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mama, nitauliza shuleni," naye akacheka, akasema, "Haya, kaulize."

Yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Batobato na michirizi kahawia huletwa na virusi, wala si na inzi mwenyewe. Inzi ni mchukuzi tu: hunyonya mmea mgonjwa, kisha huhamia mmea mzima akaupa virusi. Virusi vya batobato hukaa mwilini mwake siku nyingi; vile vya michirizi kahawia havikai muda mrefu, kwa hiyo havisafiri naye mbali. Mchukuzi wa pili ni sisi wenyewe, maana muhogo hupandwa kwa pingili, na pingili iliyokatwa katika shina gonjwa aghalabu huota shina gonjwa, hata kama hapana inzi hata mmoja shambani. Pingili za mama zilitoka kwa jamaa mmoja aliyempa kwa moyo mwema, na nadhani ndizo zilizoleta ugonjwa. Inzi waliusambaza tu.

Jambo lililonifurahisha katika kusoma ni kwamba ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na Bwana H. H. Storey, naye alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, juu ya milima ile ile niionayo kutoka uani kwetu. Huko Amani pia ndiko walikochanganya muhogo na jamaa zake, mmoja wao ukiwa ule mti wa mpira wa zamani, ili kupata mbegu zivumiliazo magonjwa. Nimeishi miaka kumi na saba chini ya mlima huo nisijue.

Sasa tumtazame mdudu mwenyewe. Jina lake si sahihi sana. Inzi wa kweli ana mabawa mawili. Huyu wetu ana manne, na ndugu zake wa karibu ni vidukari wale tuwaonao juu ya kunde. Urefu wake ni kama milimita moja. Jike hutaga mayai chini ya jani, kila yai likiwa na kikonyo kidogo kilichochomekwa ndani ya jani. Tunutu atokaye katika yai ana miguu, naye hutambaa kidogo, na akipata mahali pa kuchoma mdomo wake hukaa papo hapo wala hahami tena. Hujivua ngozi mara kadhaa, naye ni bapa kama gamba la samaki mdogo. Hatua ya mwisho huitwa pupa. Hatimaye ngozi ya mgongo hupasuka kwa umbo la herufi T, na inzi mwenye mabawa hutoka. Tangu yai mpaka mabawa ni wiki tatu au nne hivi, kwa kadiri ya joto, na jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya mia.

Kuzaliana kwao ndiko kulikonishangaza. Sisi wanadamu, kama ng'ombe na mbuzi, hupata seti mbili za kromosomu, moja kwa baba na moja kwa mama. Kromosomu ni nyuzi zilizobeba jeni, na jeni ni maagizo ambayo seli huyasoma ili kutengeneza protini na kuujenga mwili. Inzi mweupe hafuati kanuni yetu. Jike ana kromosomu 20, dume ana 10 tu. Yai lililorutubishwa na mbegu ya dume huwa jike. Yai lisilorutubishwa halifi, bali huwa dume. Maana yake ni kwamba dume hana baba. Babu mzaa mama anaye, lakini baba hana. Nyuki nao wako vivyo hivyo.

Nilipoyasoma hayo kwa sauti bwenini, wenzangu walicheka, na mmoja akasema vitabu vya sayansi sasa vimezidi. Basi nikaona ni heri nijaribu mwenyewe.

Nilichukua jani lenye pupa, nikalikata vipande vidogo, kila kipande na pupa wake mmoja, nikatia kila kimoja katika kichupa cha dawa ya sindano kilichosafishwa, nikaziba kwa pamba. Inzi atokaye mle yuko peke yake, hajaonana na mwenziwe. Humtazama kwa hadubini: tumbo la jike ni la mviringo, la dume limechongoka na mwishoni lina kitu kama koleo. Akiwa jike, humhamishia juu ya mche wa muhogo ulioota katika kopo, na kumfunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako na kuzibwa kwa kitambaa chepesi cha melimeli. Mwanzo nilitumia chandarua, nikaona kwamba matundu yake kwao ni milango iliyo wazi.

Wiki ya nne walitoka inzi kumi na wanne, na watano kati yao walikuwa majike. Nilikwenda mbio kumwambia Mwalimu kwamba kitabu kimekosea. Hakunikemea wala hakunisifu. Aliniuliza neno moja: "Kabla hujamweka jike wako, uliyatazama majani ya mche ule?" Sikuyatazama. Mche ulikuwa umekaa nje ya dirisha la maabara wiki mbili nzima, na inzi wa nje walikuwa wamekwisha kutaga juu yake. Nilikuwa nimehesabu watoto wa watu wengine.

Mara ya pili nilipanda pingili ndani ya melimeli tangu siku ya kwanza, na kabla ya kumweka jike yeyote nilipitia kila jani, juu na chini, kwa kioo cha kukuzia. Niliweka majike wanne, kila mmoja na kopo lake. Mmoja alizama katika tone la maji, mwingine alipotea nisijue alikokwenda. Waliobaki wawili walitaga, na watoto wao walikuwa 19 kwa mmoja na 11 kwa mwingine. Wote thelathini walikuwa madume. Katika kopo la tano nilikuwa nimeweka jike pamoja na dume ili kulinganisha. Humo walitoka 26, na 17 kati yao walikuwa majike. Mwalimu wa Hisabati alipita akatukokotolea ubaoni kwamba kama kila yai lingekuwa na nafasi sawa ya kuwa dume au jike, nafasi ya kupata madume thelathini mfululizo ingekuwa moja katika 1,073,741,824. Mwalimu huyo hupenda sana kukokotoa, lakini safari hii hata yule mwenzangu aliyecheka alinyamaza.

Huenda msomaji akauliza, jambo hili lamfaa nini mkulima? Lina uzito mkubwa, nami nitaeleza. Chukua mfano wa jeni inayomfanya mdudu astahimili dawa, na tuseme jeni hiyo hufunikwa ikikaa pamoja na mwenziwe wa kawaida. Jike aliyeipata kwa mzazi mmoja tu hufa kwa dawa kama wengine, kwa kuwa ile jeni ya kawaida aliyopewa na mzazi wa pili huifunika. Lakini dume ana seti moja. Alicho nacho ndicho kitendacho kazi, hakuna cha kukifunika. Ukipuliza dawa, dume mwenye jeni hiyo hubaki hai na wenziwe hufa. Kisha binti zake wote huipokea, kwa maana hana nyingine ya kuwapa. Hivyo katika wadudu wa namna hii jeni ya kustahimili dawa haijifichi katika madume, na huenea upesi ikiwa dawa hupulizwa mara kwa mara.

Hapo nilipata sehemu ya jibu la mama. Sehemu nyingine aliniambia bwana shamba wa karibu na shule: dawa nyingi hazifiki chini ya jani walipo tunutu, na huwaua nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya tunutu hao na kuwala. Adui wa adui yako akifa, adui yako huzaa kwa raha.

Sasa tuje kwa wageni. Inzi mweupe huchoma mdomo wake mpaka kwenye mishipa ipitishayo chakula cha mmea (si utomvu mweupe wa muhogo, ila maji matamu yatokayo majanini), na hicho ndicho chakula chake cha pekee. Maji hayo yana sukari nyingi kupita kiasi, hata mdudu huitoa ziada kwa nyuma, ikadondoka juu ya majani ya chini na kuota ukungu mweusi kama masizi. Lakini yana upungufu mkubwa wa asidi amino, ambazo ni matofali ya protini. Kuna asidi amino kama kumi ambazo mwili wa mnyama hauwezi kuziunda; sharti zije na chakula. Fikiri mtu ale miwa tu, mwaka mzima, kisha atakiwe kuzaa watoto mia. Anawezaje?

Jibu ni kwamba hayuko peke yake. Mchukue tunutu mkubwa, mweke chini ya kioo cha kukuzia penye mwanga mzuri, na utaona tumboni mwake madoa mawili ya rangi ya manjano. Hayo si uchafu wala si mayai. Ni vifurushi vya seli maalumu zilizojaa bakteria waitwao Portiera. Bakteria hao huishi humo tu, hawapatikani udongoni wala majini, na kazi yao ni kuunda zile asidi amino ambazo mdudu hawezi kuziunda. Mdudu huwapa sukari na makao. Wao humpa matofali. Mmoja akiondoka, mwingine hafiki mbali.

Kwa kuwa wamekaa ndani ya nyumba ya mwenziwao kwa mamilioni ya miaka, Portiera wamepoteza jeni nyingi ambazo hawazihitaji tena. Bakteria wa kawaida wa tumboni mwetu, Escherichia coli, ana maagizo ya herufi kama 4,600,000. Portiera wa inzi huyu amebakiwa na kama 350,000 tu. Hawezi tena kuishi nje. Amefanana na mtu aliyekaa kwa shemeji muda mrefu hata akasahau kuwasha moto, ila hajasahau kazi moja, na kwa kazi hiyo halaumiwi na mtu.

Wageni hao hufikaje kwa watoto? Hapa ndipo nilipokaa nikafikiri usiku kucha, na nadhani ni jambo la ajabu kuliko yote katika makala haya. Katika wadudu wengine bakteria hutoka katika seli ya mama, wakaingia katika yai. Kwa inzi mweupe, watafiti walieleza mwaka 2018 kwamba seli nzima ya mama, ikiwa na bakteria wake ndani, huhamia katika kila yai. Seli moja, yai moja. Msomaji na alielewe vizuri neno hili. Seli hiyo si seli ya uzazi; ni seli ya mwili wa mama, kama vile seli ya ini langu au ya ngozi yangu. Katika wanyama tuwajuao, seli za namna hiyo hufa pamoja na mwenye mwili. Lakini hii huendelea kuishi ndani ya mwili wa binti, hugawanyika humo ikawa nyingi, na binti akikua huweka moja katika kila yai lake. Kwa hiyo ndani ya tunutu aliye juu ya jani la mama yangu kuna seli ambazo ukoo wake hautokani na yai lililomzaa, bali umeshuka kutoka mwili wa mama kwenda mwili wa binti, vizazi visivyohesabika.

Nilimwuliza Mwalimu, je, akizaliwa dume? Akasema dume naye huipata, lakini hana yai la kuiweka, kwa hiyo kwake safari hiyo hukoma.

Jibu hilo lilinifungulia mlango wa jambo jingine. Ikiwa bakteria hupitia kwa mama tu, basi kwa bakteria kila mtoto wa kiume ni njia iliyofungwa, na kila binti ni njia iliyo wazi. Bakteria ambaye angeweza kumfanya mwenyeji wake azae mabinti wengi angeenea kuliko wenziwe. Jambo hilo lilionekana wazi katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako inzi weupe ni adui wa pamba. Mbali na Portiera, inzi hao waweza kuwa na wageni wengine wa ziada, na mmoja wao aitwa Rickettsia. Mwaka 2000 alionekana katika inzi kama mmoja kwa kila mia. Mwaka 2006 walikuwa naye 97 kwa kila mia. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2011, na watafiti walipolinganisha waligundua kwamba inzi wenye mgeni huyo walizaa watoto wengi zaidi, watoto wengi zaidi walifika utu uzima, na sehemu kubwa zaidi yao ilikuwa majike. Miaka sita tu, na takriban taifa zima la wadudu limebadilika, wala hakuna mkulima aliyeona lolote kwa macho.

Mgeni mwingine aitwa Hamiltonella. Huko China, mwaka 2020, watafiti walieleza kwamba walimwondoa mgeni huyo kwa kutumia viuavijasumu, na inzi wakaanza kuzaa madume wengi, kwa sababu mayai machache zaidi yalirutubishwa. Walipowapa inzi hao vitamini za kundi B, mabinti waliongezeka tena. Hivyo mgeni hutengeneza vitamini kwa jeni zake, na vitamini hizo huathiri kurutubishwa kwa yai, na kurutubishwa ndiko kuamuako dume au jike. Yale madume thelathini ya makopo yangu na zile vitamini za bakteria ni mlango mmoja, ila umesukumwa kwa mikono miwili tofauti.

Jeni za inzi mwenyewe nazo zimo katika shauri hili. Mwaka 2016 jeni zote za aina moja ya inzi mweupe zilisomwa na kutangazwa: herufi kama milioni 615, na jeni zaidi ya 15,600. Kati ya hizo walikuta 142 ambazo hazikurithiwa kwa njia ya kawaida, bali zamani sana zilitoka kwa bakteria au kuvu zikaingia katika kromosomu za mdudu. Baadhi yake hukamilisha kazi ambazo Portiera ameacha nusu, kama vile majirani wawili, mmoja ana kinu na mwingine ana mchi. Nyingine huunda vitamini iitwayo biotini. Watafiti walipozinyamazisha jeni hizo za biotini, vitamini hiyo ilipungua mwilini mwa inzi, nao hawakustawi.

Neno hili kunyamazisha lahitaji maelezo. Jeni ikitaka kufanya kazi hutoa nakala ya ujumbe wake, iitwayo RNA, na seli huusoma ujumbe huo. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba ukiingiza katika mwili RNA yenye nyuzi mbili inayofanana na ujumbe fulani, seli yenyewe huukatakata ujumbe huo kabla haujasomwa. Jeni ipo, lakini ni kama haisemi. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Kwa njia hiyo mtu aweza kujua kazi ya jeni moja: hunyamazishwa, kisha hutazamwa ni kitu gani kimeharibika.

Na pengine aweza kuitumia kama silaha. Mwaka 2021 watafiti wa Beijing walieleza kwamba inzi mweupe ana jeni moja ambayo asili yake si bakteria, ila ni mmea. Mdudu ameichukua kwa mimea, naye huitumia kuvunja nguvu ya sumu ambazo mimea hujilinda nazo. Wakatengeneza mnyanya unaobeba RNA ya kuinyamazisha jeni hiyo. Inzi walioula mnyanya huo walikufa karibu wote, kwa sumu ya siku zote ya mnyanya wenyewe, wakati wadudu wengine waliojaribiwa hawakudhurika.

Mwenzangu mmoja wa darasa letu aliuliza swali ambalo naona ni zuri: ikiwa mdudu hawezi kuishi bila bakteria wake, kwa nini tusipulize viuavijasumu shambani tukaue bakteria? Mwalimu alijibu kwamba dawa hizo ndizo zituponyazo vidonda na homa za mapafu, na tukizimwaga mashambani tutawafundisha bakteria wa magonjwa yetu kuzistahimili. Katika chupa ya maabara ni chombo cha kujifunzia. Shambani ni hasara. Nami naongeza kwamba tusiwe na haraka. Inzi weupe ni kundi la makumi ya aina zinazofanana kwa macho lakini zatofautiana kwa jeni na kwa wageni wao. Majaribio mengi niliyoyataja yalifanywa kwa aina zisumbuazo pamba na nyanya, na inzi wa muhogo wa Afrika ni jamaa zao, si wao wenyewe.

Mwezi wa Juni nilirudi nyumbani na jibu. Nilimweleza mama habari za madume wasio na baba, akasikiliza sana. Habari za seli ya mama iingiayo katika yai akasema hiyo haimshangazi. Kisha akauliza, "Basi hao wageni wa tumboni, tutawafukuzaje?" Ilinibidi niseme kweli kwamba kwa sasa mkulima hana njia ya kuwafukuza, na kwamba kilicho mikononi mwetu ni kung'oa mashina yenye dalili, kuacha dawa ile, na kupanda pingili safi za mbegu ivumiliayo. Baba hakusema neno, ila jioni sikuiona tena ile chupa pale dirishani.

Tulipita mstari kwa mstari, mama akifunga kitambaa cha khanga kuukuu penye shina gonjwa, nami nikifuata na jembe. Tuling'oa mashina 63. Bwana shamba wa kijijini ameahidi pingili za Kiroba, ambayo huvumilia michirizi kahawia, zipandwe vuli. Mstari mmoja tu, ule wa karibu na jiko, mama alikataa katakata usiguswe, kwa kuwa ndio wa kisamvu. Nilimwambia una batobato na inzi wataibeba kutoka pale. Akanijibu kwamba michirizi haimo katika kisamvu, na kwamba mimi mwenyewe nimekula kisamvu hicho tangu sijaota meno. Mstari huo umesimama hadi leo, na kila anapopiga simu humwuliza.

Makopo yangu matano yako dirishani mwa maabara, na kizazi cha tatu kimeanza kutambaa. Atakaye kuyaona yale madoa mawili ya manjano kwa macho yake na aje Jumatano baada ya vipindi. Nitakuwa na kioo cha kukuzia. Yeye aje na jani lake mwenyewe, na alitazame chini yake kabla hajaingia nalo.